Ukurasa Aliomfungulia Mbula

Watu wa Mukuyuni hawawezi kutaja jina la mume wangu likaenda peke yake. Lazima waseme Nzomo wa vitabu. Hata watoto waliozaliwa duka likiwa limeshafungwa wanamwita hivyo. Watakuambia aliwafundisha baba zao kusoma, na kwamba mtu asiye na kitu hakutoka kwake mikono mitupu. Ni kweli. Nilikuwa mke wake, nililala na maboksi ya vitabu chini ya kitanda miaka yote hiyo, siwezi kukana. Lakini mtu akisifiwa sana, mimi ulimi huniwasha. Kuna jambo moja wanaliruka wakisimulia, na yeye mwenyewe alipokuwa hai hakutaka lirukwe.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye baraza pana, ukitoka tu sokoni. Vitabu vilikuja juu ya basi kutoka Machakos, vimebanwa kati ya magodoro na kuku. Siku ya soko Nzomo alitoa kiti barazani, akafungua kitabu cha hadithi na kuanza kusoma kwa sauti. Haki ya Mungu, alijua kusoma. Mfalme alikuwa na sauti ya mfalme, kunguru alikuwa na sauti ya kunguru. Wanawake wa ndengu walivuta magunia yao karibu. Wazee wa mbuzi walimwacha mnunuzi ameshika mbuzi wakaja kusimama. Halafu, mahali patamu kabisa, Nzomo anafunga kitabu, pa.

"Anayetaka mwisho aje ajifunze herufi," anasema.

Walimtukana, wakacheka, na wengi wakaja kweli. Jioni za Jumanne na Alhamisi baraza lilijaa watu wazima na vibao vyao vya kuandikia, darasa la ngumbaru, wazee wenye mvi wakiimba a e i o u kama watoto wa nasari. Tena alikuwa na sheria yake: hutoki dukani na kitabu mpaka usome jina lililo juu ya jalada. Nimeona mtu akisimama pale akitoa jasho, herufi moja baada ya nyingine, foleni yote nyuma yake ikimngoja, na akimaliza watu wanampigia makofi.

Kati ya wote waliosikiliza pale barazani, hakuna aliyesikiliza kama Mbula, mama Kalondu, aliyekaa ng'ambo ya kijito chetu. Aliuza ndengu. Nzomo akianza hadithi, Mbula anasahau kupima, wateja wanajipimia wenyewe na kujiongeza. Kulikuwa na hadithi moja ya mfanyabiashara wa chumvi ambaye ngamia wake aligoma kuvuka mto. Nzomo aliifunga pale ambapo mtu ameketi ukingoni na mzigo wake, maji yanapanda. Mbula alinung'unika wiki nzima. "Sasa chumvi ya watu itakuwaje?" aliniuliza, kama ni mimi niliyeiweka pale.

Basi akaja darasani. Na herufi zikamkataa. Si kwamba hakuwa na akili. Shida ilikuwa masikio yake yalikuwa makali mno. Alichosomewa mara mbili alikishika chote, kwa hivyo ubaoni hakuwa akisoma, alikuwa akikumbuka. Nzomo akibadilisha neno moja, Mbula analisema lile la jana.

Na kusoma huko hakukuwa mchezo. Enzi hizo, miaka ya sitini ikielekea kuisha, katika kanisa letu hukubatizwa bila kusoma. Mkristo na msomaji lilikuwa jambo moja. Ulikwenda mbele ya wazee watatu, mmoja wao akafungua Maandiko popote mkono wake ulipoangukia, akakushikia kitabu, ukasoma. Aliyefungua kitabu ni Nzomo, kwa sababu nani mwingine? Akisema "anasoma", imekwisha, jina lako linakwenda kwa mchungaji. Na ubatizo wenyewe ulingoja mto. Mto wetu ni mchanga mwaka mzima. Maji hupita siku chache baada ya mvua, na ukikosa hizo unangoja mvua nyingine, ikija.

Mbula alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara mbili. Mara ya tatu mvua ilikuwa nzuri, mto ulikuwa na maji ya kiunoni, na binti yake Kalondu alikuwa amepita. Siku moja kabla ya kwenda kwa wazee, Mbula alikuja dukani akasimama mlangoni.

"Mzee Nzomo," alimwambia, "nikianguka tena sirudi. Mtoto wangu ataingia majini na mimi nibaki ukingoni nimeshika nguo zake."

Nzomo alimwambia ajaribu tu. Haya yote aliniambia baadaye, mimi wakati huo sikujua lolote.

Kesho yake Mbula akaketi mbele ya wazee. Na Nzomo akachukua kile kitabu, na hakuacha mkono uanguke popote. Alikifungua kwenye ile sura fupi ya mavuno aliyokuwa ameisoma barazani tangu kiangazi, ambayo hata mimi nilikuwa naisikia nikiosha vyombo. Akamshikia. Mbula akaweka kidole, akaanza, sauti safi, hakukwama hata mahali pamoja. Wale wazee wengine walikuwa wameketi upande wa pili, waliona jalada tu. Nzomo peke yake ndiye aliyeona kidole. Kidole kilikuwa mstari wa pili na mdomo ulikuwa wa tano.

"Anasoma," akasema.

Jumapili hiyo mama na binti waliingia majini wakiwa wameshikana mikono. Mimi nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mbula alilia, Kalondu alilia, mpaka mchungaji akapangusa macho. Nilimwona Nzomo amesimama nyuma ya watu, chini ya kingo za mto, anatazama miguu yake. Nilidhani ni jua.

Sasa sikia ubaya wake. Alhamisi iliyofuata Mbula alikuja barazani na kibao chake, kama kawaida. Wanawake wakamcheka, kucheka kwa mapenzi tu: "Mama Kalondu, umekuja kutufundisha?" Yeye akacheka nao, halafu akamtazama Nzomo, akingoja aseme neno. Na mume wangu, mbele ya darasa lote, akamwambia, "Pumzika sasa, mama Kalondu. Wewe umeshafika."

Mbula alikifunga kibao ndani ya leso yake akaenda. Hakurudi. Angerudi kufanya nini? Angekuwa anatangaza kwamba alidanganya wazee. Ule mlango ambao mume wangu aliwafungulia watu wote wa Mukuyuni, kwa Mbula aliufunga mwenyewe, na aliufunga kwa huruma.

Miaka ikapita. Kalondu akaolewa Makindu. Mbula akawekwa kwenye chama cha akina mama, akapewa kitambaa cha kichwa kama sisi. Kila Jumapili alishika kitabu cha nyimbo mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa naketi karibu naye, sikugundua kitu. Nzomo, upande wa wanaume, alikuwa anaona. Mwenzake wa kushoto akigeuza ukurasa, Mbula anangoja kidogo, anageuza na yeye. Wimbo mzima Nzomo hakutazama pengine.

Nami nikaanza kumwona anavyomtazama. Unajua mwanamke akianza kuona. Tena alikuwa amebadilika: hasomi tena barazani, akiulizwa anasema koo linamsumbua. Alikuwa amejiuzulu kule kwa wazee, akasema wachague mwingine wa kufungua kitabu. Chakula anakichezea. Nikasema moyoni, aa, huyu amependa, na amempenda mke wa watu, na ndani ya nyumba ya Mungu.

Siku moja baada ya ibada nilimkalia jikoni. Nilikuwa natwanga mahindi ya muthokoi, na mchi nilikuwa nao mkononi, sitaki kudanganya.

"Baba Ndeti, yule mama una nini naye?"

"Mama yupi?"

"Usinifanye mjinga. Mbula. Unamtazama mpaka kwaya inaona."

Alikaa chini kwenye gunia. Nilingoja akane ndipo nimpate vizuri. Badala yake akaanza kuniambia, polepole, juu ya mto na sura ya mavuno na kidole. Alipofika pale pa "wewe umeshafika" hakuweza kumaliza. Niliona machozi ya mume wangu mara ya kwanza tangu azikwe mama yake.

Mimi nilikasirika kuliko kama angekuwa amempenda. Mapenzi ningejua la kufanya. "Umemfanya mama wa watu mwigizaji," nilimwambia. "Kila Jumapili, mbele ya Mungu, anaigiza, na wewe umeketi kule unatazama kama umelipa kiingilio."

"Nilitaka kusimama kanisani niseme. Lakini nikisema langu nimesema na lake. Nitamvua nguo mbele ya watu ili mimi nipumue?"

"Basi mfundishe."

"Nitaendaje? Mwanamume kwenda nyumbani kwa mke wa mtu kila jioni? Wewe mwenyewe umeshika mchi."

Hapo alinipata. Niliweka mchi chini. Nikasema, nitaenda mimi.

Mbula na mimi tulikuwa mwethya mmoja, kile kikundi cha akina mama wa kusaidiana shambani. Mwaka huo tulikuwa tunachimba matuta ya kuzuia maji, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wenzetu walipoondoka, mimi nilijifanya mgongo unauma, nikabaki naye. Sikujua nianzie wapi, na mimi si mtu wa kuzunguka. Nilimwambia, "Mama Kalondu, mume wangu ameniambia habari ya kidole."

Hakukana. Alishika mpini wa jembe kwa mikono miwili. "Nilidhani alisahau," akasema.

"Hajasahau hata wimbo mmoja."

Tulianzia pale pale, kwenye udongo uliotoka kulimwa, nikiandika kwa kijiti. Mimi si mwalimu mzuri. Nilimfokea. Yeye akaniambia, "Mama Ndeti, ukinifokea herufi zinatoroka," nikajaribu kunyamaza. Na shida ikawa ile ya zamani, anachokisikia anakikumbuka, hasomi.

Ni Nzomo aliyepata dawa. Kila asubuhi alikata kipande cha karatasi ya kalenda iliyokwisha, akaandika sentensi moja ambayo tangu dunia iumbwe hakuna mtu amewahi kuisema, akanipa niweke kwenye kiondo. Mbula hakuweza kuikumbuka kwa sababu haikuwahi kuwepo. Ilibidi aisome tu. Ya kwanza aliyoifungua mwenyewe, herufi kwa herufi, amepiga magoti kwenye tuta, ilisema: Ng'ombe wa mchungaji anavaa kofia akienda sokoni. Alipofika kwenye kofia alikiinua kidole. Akarudi mwanzo akaisoma tena, mbio kidogo. Kisha akacheka mpaka akaketi kwenye udongo mbichi, na mimi nikacheka, na tulikuwa wanawake wazima wenye wajukuu.

Nilipomwambia Nzomo kwamba alicheka, aliniuliza alicheka vipi. Nikamwonyesha. Aliniomba nimwonyeshe tena.

Kuanzia hapo hakuzuilika. Alisoma gunia la mbolea. Alisoma kopo la majani ya chai, akasoma fulana ya mtu mpaka yule mtu akaona haya. Akija kwangu anasoma gazeti kuukuu lililobandikwa ukutani, ameinamisha kichwa kwa sababu nililibandika upande. Ndipo nikamchukulia dukani kile kitabu cha ngamia, nikakificha chini ya ndengu kwenye kiondo. Alikisoma kwa siku nyingi. Siku aliyomaliza alinijia shambani akihema.

"Kumbe alingoja tu," aliniambia. "Mto ukakauka, ngamia akavuka kwa miguu mikavu. Mama Ndeti, miaka yote hii nimekuwa na wasiwasi juu ya chumvi ile."

Alikuwa anang'aa. Halafu uso ukamshuka mbele yangu.

"Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo," akasema, "na sina wa kumwambia. Nikimwambia mtu nimejua kusoma, ataniuliza, si ulijua zamani? Hata Kalondu. Hata mtoto wangu siwezi kumwambia."

Nilimwambia afurahi kimyakimya. Ushauri wa kijinga. Wewe jaribu.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, Mbula akasimama. Nilivuta leso yake chini, akautoa mkono wangu. Akasema kwa sauti ile ile safi, "Mimi namshukuru Mungu kwa sababu nimejua kusoma mwaka huu."

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha. Akangoja wakanyamaza, akasema yote: kwamba alibatizwa kwa sura aliyoishika kichwani, kwamba amekaa nao akigeuza kurasa asizoziona, na kwamba sasa anasoma kweli na hawezi tena kuficha furaha hiyo, imemshinda.

Mzee Musembi, aliyekuwa mkubwa wa wazee wakati huo na ambaye alihamia kwetu baada ya ubatizo ule, akauliza, "Lakini ukurasa ulifunguliwa na mtu. Ilikuwaje ukaangukia ule unaoujua?"

Mimi niligeuka nikamtazama mume wangu, upande wa wanaume, safu ya tatu. Alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuinuka.

"Kitabu kilifunguka hapo," Mbula akasema. "Lawama ni yangu."

Na Nzomo hakuinuka.

Wazee walikutana hapo hapo. Wakasema Mbula avue kitambaa cha chama, asishiriki meza ya Bwana, na aketi benchi la nyuma kabisa upande wa wanawake, peke yake, mpaka watakapoona ametubu. Alikivua mwenyewe akakikunja vizuri akampa mama aliyekuwa karibu. Benchi lile lilikuwa karibu na mlango, mahali watu wanapoweka fimbo na watoto wanaolia.

Njiani kurudi nyumbani sikumwambia mume wangu kitu mpaka tukafika kwenye mparachichi wa jirani, hapo nikashindwa.

"Nilisimama moyoni," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Moyoni hakuna aliyekuona."

"Kavata, nikisema nilifungua ukurasa ule kwa makusudi, watasema niliwafungulia wote. Mzee Ndila aliyesoma akitetemeka, wale vijana, wote niliosema wanasoma. Wataambiwa ubatizo wao ni wa uongo. Na nani atamleta mtoto wake kwangu ajifunze?"

Ilikuwa hoja ya kweli, na bado nilitaka kumpiga. "Mbula hakuhesabu hayo," nilimwambia. "Alihesabu kwamba wewe una duka la kupoteza na yeye ana ndengu tu."

Siku ya soko, nani aje dukani? Mbula. Kichwa hakina kitambaa. Watu wakatengana kidogo kumpisha, si kwa heshima. Akanyoosha kidole kwenye rafu, akasema anataka kile cha kijani. Nzomo akakitoa na kumpa haraka, bila kumwomba asome jalada. Mbula hakukipokea.

"Sheria yako," akamwambia. "Usinirukishe tena."

Akasoma jina lote, polepole, neno ambalo hajawahi kulisikia katika maisha yake, kidole na mdomo mahali pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Akakitia kwenye kiondo na kumwambia, "Asante kwa ng'ombe wa mchungaji," akaenda zake. Nzomo alifunga duka mchana kweupe, soko likiwa limejaa.

Jumapili alivaa suti yake ya harusi ya Ndeti, mtoto wetu wa kwanza. Tuliingia pamoja. Mimi nikaenda mahali pangu, yeye nikategemea aende kwake. Nilisikia minong'ono ndipo nikageuka. Nzomo alikuwa ameketi upande wa wanawake, benchi la nyuma, kati ya Mbula na zile fimbo. Tangu kanisa lile lijengwe hakuna mwanamume aliyewahi kuketi upande ule.

Mzee Musembi alikohoa kutoka mbele. "Mzee Nzomo, umekosa kiti?"

Mume wangu alisimama. Sauti yake, ile ya mfalme na kunguru, ilikuwa haipo kabisa.

"Hapana. Hiki ndicho changu," alisema. "Kitabu hakikufunguka chenyewe. Mimi nilikifungua, nilijua ninachofanya, na nikakiona kidole chake. Halafu alipokuja kujifunza, nikamfukuza. Wengine wote niliwafungulia popote, na atakayetilia shaka awape kitabu sasa hivi. Yeye peke yake ndiye niliyemwibia."

Mzee Ndila, kiziwi kidogo, aliinuka kule upande wa wanaume akasema aletewe kitabu basi, yuko tayari. Hakuna aliyemletea. Musembi alitazama wazee wenzake, wazee wakatazama dari. Mwishowe akataja nambari ya wimbo.

Nzomo aliketi. Alikitoa kitabu chake cha nyimbo mfukoni, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, anapekua mbele, anapekua nyuma, haoni nambari. Kanisa lilikuwa limeshaanza kuimba. Nilimwona Mbula akikichukua kile kitabu mkononi mwake. Akakifungua, akatafuta, akaupata ukurasa. Akamrudishia, akashika kidole cha mume wangu mbele yangu na mbele ya watu wote, akakiweka kwenye mstari tuliokuwa tunaimba.